Franka 800 Ndani ya Ndoo

*Maneno haya yalisemwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa mji wa Kamina. Tunayaandika hapa kama yalivyosemwa, ili wale waliokuwa kazini saa ile nao wayasome, na asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.*



Kodi si neno tamu. Ukipiga ngoma watu wanakuja mbio. Ukitaja kodi, kila mtu anakumbuka ya kuwa ana mgonjwa nyumbani. Lakini ninyi mmekuja na mmekaa, na hiyo ni alama ya kwamba jambo hili linawauma.

Mara kwa mara habari hupita sokoni kwetu kwamba kodi ya vitu itapandishwa. Mara nyingine ni kweli, mara nyingine ni uvumi mtupu. Lakini ikiwa kweli au ikiwa uvumi, siku ile ile bei inapanda, na watu wanagawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza wanasema, "Hatutaki kodi hata moja, maana hatuoni kazi yake." Fungu la pili wanasema, "Serikali ni serikali, tulipe tunyamaze." Fungu la tatu, nalo ndilo dogo, wanasema, "Tutalipa, lakini tuonyeshwe." Mimi nimekuja kusema kwa ajili ya fungu hili la tatu. Wala sitawaficha: zamani nilikuwa katika fungu la kwanza, na aliyenitoa huko si mwalimu wala mkubwa wa kazi. Ni mama mmoja muuza ndoo.

Dirisha langu

Mnanijua. Kila mwisho wa mwezi nakaa dirishani na karatasi za mishahara. Mfanyakazi akipokea karatasi yake, hatazami kwanza fedha aliyopata. Anatazama fedha iliyokatwa. Anaweka kidole juu ya mstari wa kodi ya mshahara, kisha anashuka mpaka mstari wa CNSS, ndiyo akiba ya jamii, halafu ananiuliza, "Karani, hizi zimekwenda wapi?" Kila mwezi swali ni lile lile, nami sikasiriki, kwa sababu ni swali la haki. Ni jasho lake.

Lakini katika miaka yote ya dirisha langu, hakuna hata mtu mmoja aliyekuja na ndoo ya plastiki mkononi akaniuliza, "Karani, na kodi iliyo ndani ya ndoo hii imekwenda wapi?" Hakuna. Na mimi mwenyewe nilikuwa sijaliuliza.

Siku moja baada ya mshahara nilikwenda sokoni kununua ndoo ya kuchotea maji. Mama akataja bei. Nikaona ni kubwa. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu, "Ninyi wamama wa soko mnatuibia sisi wafanyakazi. Mnangoja siku ya mshahara mpandishe bei." Mama yule hakunitukana. Aliniambia, "Baba karani, wewe ni mtu wa hesabu. Keti hapa juu ya kigoda tufanye hesabu." Nikaketi, kwa maana watu walikuwa wamekwisha kusimama kutazama.

Nitawapa hesabu yake. Namba nimezifanya nyepesi ili zishikike kichwani, lakini njia yake ni ile ile.

Tuseme magazini kubwa inauza ndoo 20 kwa franka 100,000, bila kodi. Juu yake inaweka kodi inayoitwa TVA, 16 kwa mia, ndiyo franka 16,000. Mama anatoa 116,000. Yaani kila ndoo imemgharimu 5,800, na katika hizo, franka 800 ni kodi. Anamlipa kijana wa pusepuse 3,000 kufikisha mzigo sokoni. Sokoni analipa jeto ya mahali pa kuketi, tuseme 500 kwa siku. Ndoo 20 haziishi kwa siku moja. Zinakwisha kwa siku kumi, basi jeto ni 5,000. Anauza kila ndoo kwa 6,500, jumla 130,000. Sasa toeni. Kutoka 130,000 toa 116,000: zinabaki 14,000. Toa pusepuse 3,000, toa jeto 5,000. Mama anabaki na franka 6,000. Kwa siku kumi. Franka 600 kwa siku, chini ya jua.

Mama akaniuliza, "Baba karani, serikali imepata ngapi katika ndoo zile?" Nikahesabu. TVA 16,000, na jeto 5,000 kwa mji. Jumla 21,000. Akasema, "Na mimi?" Nikajibu, "Elfu sita." Akasema, "Basi mwizi ni nani?"

Niliona haya, ndugu zangu. Nilinunua ndoo ile bila kupunguziwa hata franka moja, nikaibeba nyumbani. Na kila asubuhi nikichota maji naikumbuka kodi yangu iliyo ndani yake.

Anayelipa ni nani

Sasa tuelezane jambo hili vizuri, kwa sababu watu wengi wanadhani TVA ni kodi ya matajiri wenye magazini. Sivyo.

TVA iliwekwa kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 10/001 ya tarehe 20 Agosti 2010, ikaanza kazi nchini mwetu tarehe 1 Januari 2012. Ilikuja mahali pa kodi nyingine iliyoitwa ICA. Ubaya wa ICA ulikuwa huu: kitu kikipita mikononi mwa watu wengi, kilitozwa tena na tena, kodi juu ya kodi. TVA ilitengenezwa kwa akili zaidi. Mfanyabiashara anayeandikwa katika kodi hii anapouza, anapokea TVA kutoka kwa mnunuzi. Kisha anaondoa ile aliyokwisha kulipa yeye mwenyewe aliponunua, na inayobaki anaipeleka serikalini. Kwa hiyo yeye ni mbebaji tu. Mzigo unashuka kutoka bega hadi bega mpaka umfikie mtu wa mwisho, ambaye hana wa kumpa. Mtu huyo ni wewe unayechotea maji ndoo ile.

Na mama wa soko? Sheria inasema mfanyabiashara aingie katika TVA ikiwa mauzo yake ya mwaka yanafika franka milioni 80. Mama wa ndoo hafiki hapo hata akiota ndoto. Kwa hiyo yeye hatozi TVA. Lakini kwa sababu hayumo, hawezi pia kuondoa ile aliyotozwa magazini. Inabaki ndani ya bei yake kama jiwe ndani ya kiatu. Mnunuzi haioni, anamwona mama peke yake, anamtukana mama. Ndivyo nilivyofanya mimi, mtu wa shule ya misioni, mtu wa hesabu.

Nisiwadanganye: si kila kitu kinatozwa 16 kwa mia. Hicho ni kiwango cha kawaida, na vitu vingine sheria imevisamehe au imevipunguzia. Lakini hata kitu kilichosamehewa, mwenye kukiuza amenunua vitu vingine visivyosamehewa. Kodi ni kama vumbi la barabara yetu wakati wa kiangazi. Unafunga mlango, nalo linaingia dirishani.

Kumbukeni pia yaliyotokea mwezi ule wa Januari 2012. TVA ilipoanza, bei zilipanda Kinshasa, zikapanda Lubumbashi, watu wakalalamika. Serikali ikasema, "Lakini TVA imechukua mahali pa ICA, kwa nini bei iruke?" Nayo ilikuwa na haki kusema hivyo. Wafanyabiashara wengi walichukua bei ya zamani, ambayo ICA ilikuwa imo bado, wakaweka 16 juu yake. Mnunuzi akabeba mizigo miwili. Tena hakuweza kubishana, kwa sababu hakuna mtu aliyemwonyesha kwenye karatasi: hii ni bei, hii ni kodi. Hapo ndipo shina la ugonjwa wetu lilipo.

Jeto ya zamani na bei ya leo

Wazee waliopo hapa walisikia kwa baba zao habari za kodi ya kichwa. Serikali ya Wabeleji iliitengeneza kwa amri ya mwaka 1910. Kila mwanaume mzima alilipa, na mwenye wake wengi akaongezewa. Kodi ile ilitakiwa kwa fedha, si kwa mihogo wala kwa samaki, na fedha ilipatikana wapi? Kwa kazi ya mzungu: mgodi, reli, shamba la kampuni. Hivyo kodi ilikuwa fimbo ya kuwachunga watu waingie kazini. Wengi wetu tuliozaliwa katika kambi na miji ya Katanga, ukifuata nyayo za babu zetu, utakuta mwanzo wa safari ni kodi.

Mwaka 1931, huko Kwango, Wapende waliinuka. Bei ya ngazi ilikuwa imeanguka na kodi haikuanguka nayo. Wakaja askari, watu wengi wakafa. Sisemi habari hii ili kuamsha chuki. Nasema ili mjue kwamba kodi isiyotazama mfuko wa mtu inaweza kuchoma nchi.

Lakini kodi ile mbaya ilikuwa na jambo moja ambalo kodi ya leo haina. Ilikuwa wazi. Kulikuwa na wakati ambapo aliyelipa alipewa kipande cha chuma, jeto, kuwa alama ya malipo. Alijua siku aliyolipa, alijua kiasi, alijua ni nani aliyepokea. Kodi iliyo ndani ya ndoo haina jeto. Unailipa mara mia kwa mwaka, na mwisho wa mwaka ukiulizwa, "Wewe umelipa kodi?" unajibu, "Mimi? Mimi sina kazi, silipi kodi." Mama mjane anayenunua kiberiti na betri za tochi anasema hivyo. Kijana anayechimba mchanga wa bati huko Malemba-Nkulu anasema hivyo. Na kwa kuwa anadhani halipi, haulizi kitu. Anaona haya kudai barabara, kama mtu aliyekula harusi bila kuchanga.

Ndugu zangu, kila mmoja wenu amechanga. Nataka mtoke hapa mkijua hivyo.

Fedha inapita wapi

Fungu la pili wananiambia, "Karani, bila kodi hakuna serikali." Ni kweli. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 174, inasema kuchangia gharama za nchi ni wajibu wa kila mtu anayekaa Kongo. Sipingi. Mji usio na fedha hauwezi kuzibua mfereji, hauwezi kuezeka soko, hauwezi kumlipa mfagiaji. Lakini kifungu kile kile kinasema neno jingine ambalo watu wa fungu la pili wanaliruka: kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Na kifungu kinachofuata, cha 175, kinasema majimbo yapate 40 kwa mia ya mapato ya taifa, na fedha hiyo ikatwe papo hapo inapopokelewa, isifunge safari kwenda Kinshasa na kurudi. Tena katika fungu la jimbo, sheria ya mwaka 2008 imetoa 40 kwa mia kwa miji, komine, sekta na uchifu.

Hiyo ndiyo sheria. Sasa tazameni matendo. Kwa miaka mingi majimbo yamelia kwamba 40 ile haifiki kamili. Na jimbo likilia njaa, linaangalia nani aliye karibu. Aliye karibu ni mama wa ndoo.

Hapa kwetu Haut-Lomami jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa jirani. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na sisi. Kamina ikawa mji mkuu wa jimbo. Tulifurahi, tulicheza. Lakini shaba na kobalti kubwa zilibaki Lualaba na Haut-Katanga. Na sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawanya malipo ya mrabaha hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo lenye mgodi, 15 kwa mji au sekta yenye mgodi, na 10 kwa akiba ya vizazi vijavyo. Jimbo lenye migodi mikubwa lina fungu lake. Jimbo lenye reli, mahindi ya Kaniama na samaki wa Kikondja litafanya nini? Litatoza mahindi na samaki. Litatoza gunia linaposhuka kwenye treni, na baisikeli inapopita njiani. Sisi wafanyakazi wa mgodi tunaotoka hapa na kuchimba kwingine, jasho letu linajenga kule, na mama zetu wanatozwa huku.

Kwa hiyo mtu akija kusema, "Tuongeze kodi ya vitu kwa sababu mji hauna fedha," jibu la kwanza si ndiyo, wala si hapana. Jibu la kwanza ni swali: Ile 40 kwa mia iko wapi? Mtu hakopi kwa jirani kabla ya kumdai mwenye deni lake.

Maneno ya watu yana nguvu

Wengine wanasema, "Karani, tuulize tusiulize, ni mamoja. Nani atatusikia?" Nitawapa mifano mitatu, wa kwanza wa nyumbani.

Mwaka 2020 serikali yetu ilianza kutoza kila simu, kodi iliyoitwa RAM. Mtu aliweka vizio katika simu yake jioni, asubuhi akakuta vimepungua. Mwenye simu ndogo alitozwa dola 1 kwa mwaka, mwenye simu kubwa dola 7. Watu walisema. Walisema majumbani, walisema redioni, vijana wakasema barabarani, malalamiko yakafika Bungeni, waziri akaulizwa mbele ya wajumbe. Mwanzoni mwa mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Na kwa nini watu walisema kwa nguvu namna ile? Kwa sababu waliona. Vizio vilipungua mbele ya macho yao. Kama RAM ingekuwa imefichwa ndani ya bei ya simu dukani, nadhani tungekuwa tunailipa hata leo.

Tanzania, mwezi wa Julai 2021, waliweka tozo juu ya fedha inayotumwa kwa simu. Wananchi wakalalamika sana, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa 30 kwa mia. Nyumba haikuanguka, serikali haikufa. Ilisikiliza, ikapunguza.

Kenya, mwaka 2024, mswada wa fedha ulitaka kuweka kodi ya 16 kwa mia juu ya mkate. Kodi ya mkate iliondolewa kabla ya kura, lakini mengine yalibaki, na vijana walikuwa wamekwisha kuusoma mswada wenyewe na kuelezana kwa lugha zao. Tarehe 25 Juni waliingia mpaka Bungeni, Nairobi. Watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi mswada ule. Mfano huu unanipa moyo, tena unanitia uchungu. Unanipa moyo kwa sababu watoto walisoma sheria kabla ya kupaza sauti. Unanitia uchungu kwa sababu sikio lililofunguliwa baada ya maiti lingeweza kufunguliwa kabla. Sisi hapa Kamina hatutaki kumzika mtu kwa ajili ya ndoo. Tunataka kuulizwa mapema.

Faktura

Sasa nirudi kwa mama wangu. Tulipomaliza hesabu ile nilimwuliza, "Mama, magazini walikupa faktura?" Akacheka. Akasema, "Waliniuliza: unataka bei ya faktura, au bei bila faktura? Nikachukua bila faktura, ilipungua kidogo."

Sikieni vizuri hapo. Hapo ndipo ndoo inapotoboka.

Sheria inataka faktura ionyeshe bei bila kodi, kiwango cha kodi, na kodi yenyewe. Kama hakuna faktura, hakuna mtu duniani anayeweza kujua zile 800 zimekwenda wapi. Pengine mwenye magazini amepunguza mia mbili, amekupa wewe kama zawadi, na mia sita ameziweka mfukoni. Wewe unafurahi umepata nafuu. Kumbe umelipa kodi kwa mtu asiye serikali. Na serikali ikipungukiwa, itarudi kusema, "Tupandishe kodi." Hivyo tunalipa mara mbili: kwanza kwa mwizi, halafu kwa pengo alilotoboa mwizi.

Msidhani nasema nikiwa juu ya mlima. Na mimi nimefanya hivyo. Nilinunua mabati ya nyumba yangu bila faktura ili nipate nafuu kidogo. Mvua ya kwanza ilipokuja, mabati mawili yalivuja, yalikuwa mabovu tangu mwanzo. Nikarudi kwa aliyeniuzia. Akaniuliza, "Karatasi yako iko wapi?" Sikuwa na neno. Nafuu yangu yote iliishia katika ndoo iliyokaa chini ya tundu, na ilikuwa ndoo ile ile ya mama. Mke wangu hakusema kitu, aliitazama tu.

Najua mtu mmoja ataniambia, "Karani, mshahara wako unakuruhusu kuomba faktura. Mimi nahesabu meka moja ya unga wa bukari kila jioni. Nafuu ya franka mia mbili kwangu ni chumvi." Ni kweli, sina jibu la kumnyamazisha. Yeye asianze. Tuanze sisi wenye mshahara, sisi tunaonunua saruji, mabati, redio na baisikeli. Sisi tukidai faktura, mwenye magazini atazoea kuiandika, na siku moja mama wa ndoo ataipata bila kuiomba.

Tunayoyataka

Basi nafunga kwa mambo manne, ili mtu asiondoke akisema karani alizungumza maneno matupu.

La kwanza. Kila anayetuomba kodi, awe wa mji, awe wa jimbo, awe amesimama njiani na kamba, tumwulize kwa adabu: inatoka katika sheria gani? Kodi za majimbo na miji zina orodha yake, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2018 kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 18/004. Kisichokuwa katika orodha si kodi. Ni njaa ya mtu.

La pili. Kila franka inayotoka iache karatasi nyuma yake. Jeto ya soko iwe na namba. Faktura iandikwe kodi peke yake, bei peke yake.

La tatu. Sokoni liwekwe bao, mahali ambapo hata mtoto anaweza kusoma, na juu yake iandikwe kila mwezi: soko limeingiza kiasi hiki, kiasi hiki kimefanya kazi hii. Si jambo gumu. Mimi nafanya hesabu ya watu wengi kila mwezi kwa kalamu moja na rula moja. Na kama mwezi ule hakuna kazi iliyofanyika, iandikwe hivyo hivyo: hakuna.

La nne. Kodi isipandishwe kabla ya watu kuulizwa. Mwezi wa Desemba 2023 palikuwa na uchaguzi wa washauri wa komine katika miji mikuu ya majimbo. Mshauri hakuchaguliwa ili aketi kwenye kiti cha mbele siku ya sikukuu. Aje sokoni, aketi juu ya kigoda kile nilichokalia mimi, mama amfanyie hesabu ya ndoo. Baada ya hapo aende akapige kura yake. Nitaikubali kura yake, hata ikiwa ni ya kupandisha, kwa maana atakuwa amejua uzito wa kitu anachomtwisha mtu.

Kwa fungu la kwanza, ninyi mnaosema hatutaki kodi hata moja: mnalipa tayari, kila siku, na mnalipa kimya. Hasira yenu ni ya haki, lakini imekosa njia. Ipelekeni kwenye swali. Kwa fungu la pili, ninyi mnaosema tulipe tunyamaze: mmeshika nusu moja ya wajibu. Nusu ya pili ni kuuliza. Mfanyakazi mwaminifu anafanya kazi yake yote, halafu anakuja dirishani kwangu anahesabu mshahara wake mbele yangu. Hakuna aliyewahi kumwita mwasi kwa sababu hiyo.

Kesho mwezi ukiisha mtakuja tena dirishani. Mtaweka kidole juu ya mstari, mtaniuliza, "Karani, hizi zimekwenda wapi?" Nitawajibu kama siku zote. Lakini mkitoka hapo mkapita sokoni, mkashika ndoo, au sufuria, au betri ya tochi, wekeni kidole hapo pia na mwulize lile lile. Wala msimwulize mama. Yeye ana franka 600 tu. Mwulizeni yule aliyepokea 800.

Ni hayo tu, ndugu zangu. Sasa ninyi semeni, mimi niandike.